Hata bariyeri iko na saa ya kufungwa

Maneno ya kikundi cha simu kwenye mkutano wa Jumapili, Goma, 2024. Tumeyaandika kwa ajili ya makamarade wa Beni, Butembo, Bukavu na kwingine ambao hawakuweza kuwa pamoja nasi.

Makamarade, dada na kaka, na nyinyi wadogo zetu mulioingia mwaka huu,

Tulipewa dakika 20 ili tuwaeleze kazi ya simu: nani anajibu, anaandika nini ndani ya kaye, anaita nani. Tutafika huko. Lakini kwanza tuko na deni la kuwaambia kitu ambacho sisi wenyewe tulichelewa kukielewa, na mwenzetu mmoja ndiye aliyelipa bei ya kuchelewa kwetu. Amekubali tueleze habari yake bila jina lake. Wale wanaomjua, tafadhali, musimtaje, hata kwenye WhatsApp.

Munaijua ile simu ndogo ya kubonyeza, nyeusi, iliyofungwa na mpira kwa nyuma ili batri isianguke. Namba yake tulianza kuitoa mwisho wa mwaka 2022, wakati watu wa Rutshuru walikuwa wanashuka kwa maelfu mpaka Kanyaruchinya, na magodoro kichwani na watoto mgongoni. Hatukuwa na unga wa kuwapa. Hatukuwa na turubai. Tulikuwa na kazi moja tu: kusikiliza, kuandika, kumuita mwenye uwezo wa kusaidia, na kupiga kelele kama hakuja. Mwenzetu akasema: «Nipeni hiyo simu, nibaki nayo miye. Si kazi ingine sina.» Tukapiga makofi. Hakuna hata mmoja wetu aliyeuliza: mpaka lini?

Alibaki nayo zaidi ya mwaka na nusu.

Usiku na mchana. Mama anayejifungua saa nane ya usiku ndani ya hema. Kijana anayemtafuta mdogo wake waliyepotezana njiani. Mzee ambaye jina lake halionekani kwenye orodha ya kupewa vyakula. Familia ya mtu aliyekamatwa. Mlevi ambaye anataka tu kuongea na mtu. Na sisi wenyewe pia, tuseme ukweli: «Kamarade, hauna inite kidogo unirushie?» Tarehe 3 Mei mwaka huu, bomu zilipoanguka ndani ya kambi za Lac Vert na Mugunga, ile simu haikunyamaza mpaka usiku. Watu hawakumuita ili afanye kitu, maana angefanya nini? Walimuita ili mtu asikie. Akasikia yote.

Kuanzia hapo dalili zilikuwa wazi, na hatukuziona. Au tuliziona tukacheka. Alianza kulala na viatu. Simu ya mtu mwingine ikilia ndani ya taxi-bus, yeye anashtuka na kushika kifua. Mtu akichelewa kwenye mkutano dakika tano anamfokea kama aliua. Yeye aliyekuwa anatuchekesha akawa anajibu kwa neno moja moja. Tukamuita «Ministri», kwa sababu hana tena nafasi ya kuongea na raia wa kawaida. Tukaona ni mzaha mzuri.

Mwezi wa saba, Jumatatu moja, simu ikawa imezimwa. Siku ya kwanza tulisema ni moto umekatika, hakuna fasi ya kuchaji. Siku ya pili tukaogopa, tukaanza kuzunguka kwenye makasho kuulizia, vile tunafanya siku zote. Mambo ya kuchekesha: tulimtafuta kwanza gerezani kabla ya kumtafuta kwa nyumba yao. Jioni ndipo mmoja wetu alisema, «Je, kwao tumefika?»

Tulimkuta kwa kitanda, ameangalia ukuta. Simu alikuwa ameifunga ndani ya kitambaa na kuitia katikati ya gunia la makala, chini kabisa. Mama yake alitukaribisha na adabu zote, akatutolea viti nje kwenye parseli, kisha akasimama mbele yetu. Hakupandisha sauti.

«Mutoto hakule. Usiku halali. Nani njo mukubwa wenu?»

Na sisi, kwa kiburi kile munakijua, tukajibu vile tunajibu polisi, vile tunajibu wanahabari: «Mama, sisi hatuna mukubwa. Tuko wote sawa.»

Akatuangalia mmoja mmoja. «Sawa. Basi kwenu nani anamuambiaka mutu arudi kwa nyumba?»

Hatukuwa na jibu. Tulikunywa chai yake tukaondoka.

Swali hilo ndilo limetuleta mbele yenu. Tunajivunia kuwa harakati isiyo na shefu, na tuko na sababu ya kujivunia, maana tumeona nini mashefu wanafanya katika nchi hii. Lakini mwenye shefu, hata shefu mbaya, yuko na mtu wa kumwambia kazi imeisha, funga, nenda. Sisi hatuna. Kwetu hakuna saa ya kutoka, hakuna konje, hakuna Jumamosi. Kila mtu anajituma mwenyewe, na mwenye moyo mwepesi anajituma mpaka anaanguka, huku wengine wote tunapiga makofi. Ukombozi wetu una tundu hapo, na watu wazuri kabisa ndio wanatumbukia ndani.

Kuna jambo la pili, na hili linatugusa sisi wenye diploma na bila kazi, yaani karibu wote tulio hapa. Mtu aliye na kazi anasema «niko kazini», na dunia nzima inamheshimu. Sisi tukisema tumechoka, tunaulizwa: umechoka na nini? Shomeri anachokaje? Asubuhi unatumwa na mabidoni kutafuta maji, katika mji uliokaa kando ya ziwa zima. Ukirudi, baba mdogo anataka umsindikize hospitali kwa sababu wewe unajua Kifaransa cha kuongea na waganga. Jirani anataka umjazie fomu. Mtoto wa avenyu ya pili anajiandaa kwa egzeta, umueleze hesabu, bure bila shaka, kwani ulisoma bure? (Hatukusoma bure, lakini acha.) Mchana unapeleka dosie mahali fulani, wanaipokea, wanakuambia watakuita. Jioni ni mkutano wa harakati. Usiku ni vikundi vya WhatsApp, kumi na viwili, na katika kila kimoja kuna mtu aliyeandika «urgent». Na kila anayekuomba anaanza na maneno yale yale: «Si uko tu kwa nyumba?»

Tunafika mahali ambapo tunasema ndiyo kwa wote ili tu tuonekane tuko na faida. Hii tulijadili kwa muda mrefu katika kikundi, na mmoja wetu, mwanaume mwenye lisansi ya uchumi, alisema kitu kilichotunyamazisha. Alisema: «Siku nikikataa kutumwa, nitakuwa sina chochote. Kutumwa ndiyo kazi yangu.» Mwenzetu wa simu pia alikuwa amesema hivyo siku ya kwanza, kumbukeni: si kazi ingine sina. Tulisikia sadaka. Kumbe ilikuwa pia aibu, aibu ya kijana aliyesoma miaka mitano na anakula kwa wazazi. Mtu wa namna hiyo hawezi kuweka mpaka, kwa sababu anadhani hana kitu chochote cha kulinda nyuma ya huo mpaka.

Sasa tuongee juu ya mipaka, maana sisi watu wa Goma tunaijua kuliko wengine. Kila siku maelfu wanapita Petite Barrière na mizigo kichwani. Na tangu mwezi wa sita wa mwaka 2022, inafungwa saa tisa, 15h00. Mama anayeuza sambaza anajua. Mwenye kusukuma kigari cha mlemavu, amepakia masanduku mpaka juu, anajua. Wanalalamika, na wako na haki ya kulalamika, lakini wamepanga siku yao kufuatana na saa ile. Hakuna anayemwambia askari wa bariyeri «wewe hauna upendo». Basi kama bariyeri nzima, na umati wote ule, iko na saa ya kufungwa, kwa nini kamarade mmoja mwenye simu moja awe wazi masaa 24?

Tulipoenda kusoma kidogo, tulikuta kwamba habari hii si mpya na si ya kwetu peke yetu. Jina ambalo wazungu wanaipa maana yake ni kuungua mpaka kuisha, kama makala ndani ya mbabula: juu kunabaki majivu yenye umbo la makala, ukigusa inavunjika. Aliyeandika juu yake mwaka 1974 ni mwanasaikolojia Herbert Freudenberger, wa New York. Na munajua aliiona kwa watu gani? Haikuwa kwa wakubwa wa benki. Aliiona kwa watu wa kujitolea, katika kliniki ya bure ambapo vijana waliokuwa wanatumia madawa ya kulevya walikuwa wanatibiwa. Yeye mwenyewe alikuwa anafanya kazi yake ya kawaida mchana, halafu usiku anaenda kujitolea pale, mpaka naye akaishiwa. Watu waliokuja na moyo wote. Watu kama sisi.

Mwaka 2019, OMS iliiweka hali hiyo katika orodha yake ya kimataifa, toleo la 11, si kama ugonjwa bali kama kitu kinachotokana na kazi. Inataja mambo matatu: nguvu kuisha kabisa, kuichukia kazi au kuanza kuidharau, na kuona hauwezi tena kuifanya vizuri. Kwa kazi, wanasema. Shomeri hata katika kuchoka hakuhesabiwa! Lakini angalieni yale matatu na mumuwaze mwenzetu wa simu. Yote yalikuwepo. La pili hasa: kule kufokea watu, kule kujibu kwa neno moja, tuliita kiburi.

Na Fanon. Kila mmoja wetu anapenda Fanon, wengine wamemvaa kwenye tishati, na ile sentensi yake juu ya kizazi na kazi ya kizazi imeandikwa kwenye kuta zetu. Lakini Fanon alikuwa muganga wa wagonjwa wa akili, alifanya kazi hospitalini Blida, Algeria, na katika kitabu kile kile tunachokipenda, cha mwaka 1961, sura ya 5 yote iko juu ya watu ambao mapambano na vita viliwavunja ndani. Waliopigwa na waliopiga. Kuna polisi mmoja mtesaji ambaye alianza kupiga mke na watoto wake nyumbani. Sura hiyo hatuisomi. Tunaruka moja kwa moja kwenye konklizyo, sababu inapasha moto.

Mtu mmoja hapa kati yetu aliuliza wiki iliyopita, na aliuliza kwa hasira: «Namna gani tunaongea juu ya kupumzika na watu wako chini ya maturubai? Wao wanapumzika?» Hatutaki kulikwepa swali hili. Hapana, hawapumziki. Na hatuna jibu ambalo litamfanya kila mtu alale vizuri. Tuko na yale tuliyoyaona tu.

Siku zile mbili simu ikiwa ndani ya gunia la makala, watu waliendelea kuita. Tulipoiwasha tukapata alama za walioita. Mama mmoja wa Bulengo alikuwa na mtoto mwenye kuhara sana. Majirani walimbeba kwa motari mpaka kwenye kituo cha afya, akapona. Walijipanga bila sisi. Lakini mke wa kijana mmoja aliyekamatwa alikuwa ametuita mara 11. Mara kumi na moja. Alikuwa na namba moja tu kichwani, ile tuliyompa, na tulikuwa tumemwambia «ita saa yoyote». Bwana yake alibaki ndani siku tatu zaidi bila mtu wa kwenda kuuliza jina lake, na wote hapa munajua siku tatu maana yake nini. Tulienda kumuomba msamaha huyo mama. Alitupokea. Hakutuambia kwamba si kitu.

Kwa hiyo yule anayesema «mipaka ni ubinafsi», tunamjibu na mara 11. «Ita saa yoyote» ulikuwa uongo. Uongo wa nia njema, lakini watu waliweka maisha yao juu yake. Kama tungemwambia yule mama: sisi tunajibu kuanzia saa moja ya asubuhi mpaka saa mbili ya usiku, na usiku uite huyu ao huyu, angekuwa na namba tatu kichwani. Mtu mmoja kubeba yote ni hatari kwake, na ni hatari zaidi kwa wale wanaomtegemea.

Kuna pia ile sifa tunayopewa. Goma ni ya wagumu, wanasema. Volkano ilikuja mwaka 2002, tukajenga juu ya mawe yake. Ikarudi tarehe 22 Mei 2021, tukakimbilia Sake na Gisenyi, tukarudi, tukajenga tena. Katika kila mafunzo ya mashirika kuna mtu wa kutusifu kwa kuvumilia kwetu, ameandika neno hilo kwa herufi kubwa kwenye ukuta. Yeye mwenyewe, kama ni mgeni, kila baada ya wiki kadhaa anapewa siku za kupumzika nje ya mji. Iko ndani ya kontra yake. Hatumuonei wivu. Sawa, kidogo. Lakini tuangalie jambo lenyewe: wale wenye uzoefu wa kufanya kazi katika vita, kwao kupumzika si zawadi, kumeandikwa kabla mtu hajafika. Sisi tunaoishi humu ndani tunapewa sifa. Na mtu akisifiwa sana kwa kuvumilia, anaona haya kusema inatosha.

Basi tulifanya nini. Tunawaambia vile ilivyo, mutasahihisha.

Simu sasa inazunguka. Kila mmoja anakaa nayo wiki moja, Jumapili mpaka Jumapili, halafu anapumzika wiki tatu, maana tuko wane. Saa mbili ya usiku inazimwa. Usiku kuna majina mawili kwa ajili ya mambo ya hatari tu, na kila anayepewa namba yetu anapewa pia zile za wengine: Msalaba Mwekundu, kituo cha afya cha karibu, avoka waliokubali. Mwanzoni tuliogopa watu watakasirika. Wachache walikasirika. Wengi waliuliza tu saa ngapi inawashwa.

Anayetoka kasho hapewi kazi yoyote kwa wiki mbili, hata akiomba, na wale wanaotoka huko siku zote wanaomba. Tunamtembelea, tunamletea kitu cha kula, hatumuulizi ushuhuda, hatumpigi picha akiwa amekunja ngumi. Picha itangoja. Hii tuliiamua kwa kura na kulikuwa na ubishi mkali, sababu picha ya mtu aliyetoka leo inasambaa kuliko tangazo lolote. Tunajua. Tumekubali kupoteza hapo.

Vikundi vya WhatsApp vilikuwa 12, vimebaki vinne. Neno «urgent» anaruhusiwa kuliandika paka yule aliye na simu wiki hiyo. (Kamarade wa mawasiliano anatuangalia vibaya hapo nyuma. Kaka, tulikubaliana.)

Dada zetu walituambia jambo ambalo wanaume tulikuwa hatulioni. Wao wanatoka mkutano wanaenda kupika, kufua, kulaza watoto wa yaya. Halafu saa nne ya usiku kamarade fulani anaita «kujadili msimamo wetu juu ya état de siège». Msimamo upi unajadiliwa saa nne ya usiku na mtu mmoja, tena kila mara msichana? Tumesema hivi: baada ya saa mbili hakuna kumuita dada kwa mambo ya harakati kama yeye hana simu ya wiki. Anayeona sheria hii inamgusa, ndiye imeandikiwa. Na kaye ya mkutano sasa inaandikwa kwa zamu. Wanaume pia tuko na mikono.

Kwa nyumba ndiko kugumu zaidi, na hapo hakuna kura. Kwetu, mtoto hamwambii mkubwa hapana. Ukisema «hapana» mbele ya baba mdogo umetukana, hata kama una haki. Tumejaribu maneno tofauti kati yetu, tukacheka sana siku hiyo, kila mtu alikuwa anacheza mzazi wake. Yaliyofaulu ni yale yenye saa ndani: «Baba mudogo, leo siwezi. Kesho saa ine nitakuwa hapa, tutaenda.» Halafu saa nne ile uwepo kweli. Wazee hawapendi kunyimwa, lakini wanachukia zaidi mtu anayesema ndiyo na haonekani, na sisi tulikuwa ndio watu hao. Mmoja wetu aliweka karatasi kwenye mlango wa chumba chake: masaa ambayo anatafuta kazi na kuandika dosie. Kaka zake walicheka wiki nzima. Wiki ya pili mama yake akaanza kuwaambia wageni: «Ngojea kidogo, anatumika.» Anatumika! Ni neno dogo, lakini muulizeni lilimfanya nini.

Pesa tuseme haraka: hakuna tena kuweka inite ya harakati kutoka mfuko wako bila kuandika. Tuko na likirimba ndogo ya kila mwezi. Kama imeisha, imeisha, na simu inapokea tu.

Sasa kuhusu kichwa. Tunajua namna tunaongea. Mtu akisema halali, anaona picha za mambo yaliyopita, tunamuambia aombe, ao anywe moja alale, ao kwamba ni watu wa kwao wamemloga. Aombe, ndiyo, wengi wetu tunaomba. Lakini Goma iko na Tulizo Letu, kituo cha afya ya akili cha Mabruda wa Upendo, na Bukavu iko na SOSAME, nayo ni yao. Majina hayo tumeyafanya matusi: «Huyu mupeleke Tulizo.» Tumetumia neno hilo kwa mzaha hapa hapa ndani ya mikutano yetu. Mwenzetu wa simu alikuwa anatusikia, na ndiyo sababu alipendelea gunia la makala kuliko kutuambia.

Mwishowe alikubali kwenda kuongea na mtu wa kusikiliza, akisindikizwa na mama yake. Sisi hatukuambiwa alisema nini kule na hatukuuliza. Analala sasa, si kila usiku. Amerudi kwenye harakati, lakini amesema wazi: simu hataishika tena, hata wiki moja, hata saa moja. Anakuja Jumamosi asubuhi kufundisha wapya namna ya kuandika tangazo, na saa sita anaenda. Baadhi yetu tulichukia, tusifiche. Tulisema moyoni: sasa amekuwa mtu wa Jumamosi? Yeye aliyekuwa mstari wa mbele? Mmoja alimwambia hivyo usoni. Alijibu: «Mulinipenda sana wakati sikuwa nalala.» Mpaka leo tunaona haya tukikumbuka.

Na nyinyi wapya tunawaomba kitu kimoja kabla ya kuandika jina lenu kwenye zamu. Mutuambie kile hamuwezi. Mmoja alisema hawezi kuona damu. Basi hataenda hospitalini, ataandika. Mwingine yuko na mtoto mdogo, hatashika simu ya usiku. Mwingine baba yake ni askari, hawezi kuonekana kwenye picha. Hakuna atakayecheka. Yule ambaye anasema anaweza yote, huyo tutamuweka wa mwisho kwenye orodha. Tumeshampa mtu wa namna hiyo simu mara moja.

Kazi yenyewe, haraka, maana dakika zetu zimepita. Kaye iko na safu nne: saa, mahali, shida, nani ameitwa. Jina la anayeita hatuandiki isipokuwa akitaka. Ukisikia kitu kinachokulemea, hauendi nacho kulala peke yako: unamuita yule wa wiki iliyopita, na yeye hana ruhusa ya kukata. Jumapili unapotoa simu, unasema mbele ya wote wiki ilikuwa namna gani, hata kama ni kusema «sitaki kuongea».

Simu iko hapa mezani. Anayeianza wiki hii ni huyu dada wa Majengo mwenye kitambaa cha bluu. Mumuache ale kwanza. Wale wa Birere munaotaka kupita, harakisheni: inakaribia saa tisa.